Mwenyeji Hatoki Kabla ya Mgeni Wake

Yule mwanamke alijitosa bwawani na maji hayakutikisika. Sheria, aliyekuwa juu ya kiti chake kirefu na filimbi shingoni, akadhani ni macho yake yaliyochoshwa na jua.

Sheria si jina alilopewa na wazazi. Wakazi walimbandika hilo kwa jinsi alivyolinda bwawa lao la pamoja: bila kadi huingii, hujaoga huingii, na hata mwenyekiti wa kamati aliwahi kurudishwa getini, taulo begani, kanuna kama mtoto. Kanuni ya wageni aliitunga yeye, baada ya mkazi mmoja kumwacha mgeni wake peke yake akaenda kutazama mpira, na mgeni nusura azame. Tangu hapo kila mgeni aliandikwa daftarini chini ya jina la mwenyeji, na mwenyeji haruhusiwi kutoka kabla ya mgeni wake.

Mwanamke huyu alikuwa amesimama nje ya uzio siku tatu, juani, hasukumi wala habembelezi, akisema tu kwamba hana wa kumwandika. Siku ya tatu huruma ikamshinda Sheria, akamwandika chini ya jina lake mwenyewe, kwani naye alikuwa mkazi. Tenda wema nenda zako, wanasema. Yeye kwenda ndiko kulikomshinda.

Saa kumi na mbili kasorobo akapuliza filimbi. Waogaji wakachukua kadi zao wakaenda. Mgeni akabaki katikati, maji yakimfika kidevuni, mahali ambapo mtu mrefu hagusi chini. Harufu ya dawa ya maji ilikuwa imetoweka, pananuka tope la kisima kilichofunikwa zamani. Sheria akamwambia muda umekwisha.

"Mimi sitoki," mgeni akajibu kwa upole uleule. "Na mwenyeji wangu ni wewe."

Matiti ya Sheria yalikuwa yamejaa, yanamuuma. Mwanawe wa miezi minne alikuwa nyumbani na bibi yake, hajanyonya tangu mchana. Sheria akaona heri avunje kanuni yake mwenyewe, akafungua geti akatoka, na mguu wake ukatua kwenye vigae vya bafu la wanawake, ndani. Akakimbilia geti akatoka tena, vigae vilevile, akaparamia uzio akaangukia upande aliotoka, mara ya nne, ya tano, huku nyuma yake sauti ya mgeni ikihesabu taratibu kila anaporudi, na harufu ile ya tope ikimkaa kooni hata akashindwa kutamka vizuri alipompigia mama yake simu.

Mama akaja na mtoto mikononi, akasimama nje ya geti, akaelezwa yote kwa kunong'ona. Mtoto aliposikia sauti ya mama yake akaangua kilio. Mgeni sasa alikuwa ukingoni, nywele kavu.

"Mpitisheni mtoto," akasema. "Naye aandikwe."

"Usimsogeze, mama," Sheria akanong'ona. "Akiingia huku hatoki."

Mama akauliza jambo moja tu: mwenyeji akipata dharura, mkazi mwingine anaweza kumpokea mgeni? Sheria alijua jibu. Mkazi yeyote mwenye kadi akisaini chini ya jina la mwenzake, mgeni anakuwa wake. Mama alikuwa na kadi. Sheria akatikisa kichwa upesi mno, na mama akaelewa.

Akamlaza mtoto kwenye benchi la nje, akanyoosha mkono kwenye kidirisha cha mapokezi kando ya geti, akavuta daftari na kalamu yake. Sheria akalishika upande wa pili.

"Mama, niachie. Nakuomba."

"Mimi sinyonyeshi mtu, mwanangu. Wewe unanyonyesha."

Akasaini. Papo hapo Sheria akajikuta nje, kando ya benchi, na mama yake ndani, na daftari kwapani mwake. Sheria akaomba kalamu, akaomba daftari, akatikisa geti mpaka viganja vikachubuka. Mama akafunga kidirisha kwa ndani, akamwambia amnyonyeshe mtoto kwanza.

Akamnyonyesha, kwa kuwa mtoto alikuwa na njaa, huku mwenyewe akilia na kujichukia kwa nafuu aliyoisikia kifuani. Nyuma ya uzio mgeni alikuwa akimuuliza mama kama anajua kuogelea.

"Sijui," mama akasema.

"Nitakufundisha," mgeni akamwambia. "Muda tunao."