Usingizi wa Pono

Jua lilikuwa linazama Anaeli aliposhuka soko la samaki la Feri na madumu mawili kuchota maji ya bahari. Wauza samaki waliomzoea walimcheka. Mchaga gani huyu, anabeba maji ya chumvi kupeleka Kariakoo!

Hawakuujua ugonjwa wake. Zilikuwa enzi za ruksa, biashara ya nje imefunguliwa, kila mwenye duka la jumla akijivunia kitu chake kutoka Dubai, na cha Anaeli kilikuwa tanki la kioo lenye taa na pampu. Ndani yake aliotesha matumbawe hai, ya zambarau na ya kijani. Tuseme ukweli, aliyapenda kuliko watu wa nyumbani kwake, na mkewe Candida alilijua hilo.

Shida ilikuwa pono. Alimnunua mwenyewe, samaki mzuri wa buluu mwenye mdomo kama wa kasuku, kumbe kanunua mwizi. Mchana kutwa anayatafuna matumbawe, na nyuma anayatoa mchanga mweupe.

Kro... kro... kro...

Alimfungia mchicha kwenye jiwe, pono akaupita. Aliyafunika matumbawe kwa kapu la plastiki, pono akalipindua. Akitia wavu, anajibanza chini ya mawe, na kuyang'oa mawe ni kuyaua matumbawe yenyewe.

Haya yote alimweleza Mgeni, mama muuza makombe ya baharini, aliyekuwa akikusanya bidhaa zake pale ufukweni. Mama yule alinukia udi, na chini ya udi, mwani uliooza.

"Pono akilala, hali chochote," alinong'ona. "Nani kwako ana usingizi wa pono?"

Anaeli akacheka. Mjini hapa ndivyo wanavyosemwa wazito wa kuamka, na kwake aliyesemwa hivyo kila siku ni Jacqueline, bintiye wa miaka sita, anayebebwa kutoka kwenye kochi hadi kitandani asijue.

"Mwanangu Jacqueline. Huyo ndiye pono mwenyewe."

"Unautoa usingizi wake?"

"Chukua tu, mama. Anao mwingi."

Utani wa mtu wa dukani. Mgeni hakucheka. Alichovya kidole kwenye dumu, akalitaja jina la mtoto mara tatu, akamwambia aende.

Alipoyamimina maji yale tankini, pono akashuka taratibu chini ya jiwe. Akalala ubavu. Ute mwembamba ukamtoka mdomoni, ukamzunguka mwili mzima kama chandarua. Nyumba ikawa kimya, na Anaeli alitamani kucheza.

Usiku ule Jacqueline hakulala. Wala wa pili. Candida alimpeleka hospitali, wakampima malaria, hana. Mtoto halii, hasemi, amekodoa macho tu. Anaeli alisema atazoea, akaenda kuhesabu vichipukizi vya matumbawe yake.

Siku ya tatu, baada ya chakula cha mchana, akasikia.

Kro... kro...

Akaruka hadi kwenye tanki. Pono amelala vilevile.

Kro...

Sauti ilitoka chumbani.

Jacqueline alikuwa amepiga magoti, uso ukutani. Nyumba ilikuwa ya zamani, kuta zake za mawe ya matumbawe na chokaa. Plasta haikuwepo tena. Jiwe lilikuwa limechimbika, shimo la ukubwa wa sahani. Na sakafuni, nyuma ya mtoto, kichuguu kidogo cha mchanga. Mweupe. Safi.

"Baba," alinong'ona bila kugeuka, "nina njaa."

Anaeli alikimbilia Feri bila viatu. Alisahau hata shikamoo. Mgeni hakumuuliza kilichomleta.

"Gonga kioo mara tatu, umwite pono kwa jina la mwanao. Akiamka yeye, mtoto atalala. Lakini matumbawe yako atayamaliza."

"Ayamalize."

Ilikuwa mara ya kwanza kumchagua mtoto. Maskini, alichelewa kujifunza.

"Na pono akifa usingizini, mama?"

Mgeni alimtazama, kisha akaendelea kufunga makombe yake kwenye kanga.

Alirudi nyumbani, Mtaa wa Narung'ombe, jua likizama. Ngazini akakutana na harufu. Mafuta ya moto... kitunguu saumu... ndimu. Akapanda mbio.

Tanki liliwaka taa zake. Matumbawe yalikuwa yamechanua, hayajawahi kupendeza vile. Chini ya jiwe hapakuwa na kitu.

Candida alitoka jikoni akijifuta mikono, akampa pole. Samaki wake amekufa, alisema. Siku tatu kalala ubavu, kagandwa na ute. Amemtoa kwa mkono, hata hakutikisika, akaona amkaange kabla hajaoza. Candida ni mzaliwa wa Machame. Nani angemwambia mtu wa mlimani jinsi pono anavyolala?

"Na Jacqueline amepata hamu ya kula, Mungu ashukuriwe," akasema. "Kamla mzima. Mpaka mifupa."

Anaeli aligeukia tanki. Aliinama, akagonga kioo.

Moja. Mbili. Tatu.

"Jacqueline," aliita majini.

"Niko macho, baba."

Alikuwa amesimama nyuma yake, macho wazi, midomo inang'aa mafuta. Hakuwa akimtazama baba yake. Alikuwa akiyatazama matumbawe.