Nguo Zote za Mgonjwa

Nilikuwa nafunga kibanda changu, jua limeshaanza kuzama, aliponipigia simu mama mmoja nisiyemjua. Salamu zake zilikuwa fupi. Mashine yake ya kufulia haifui tangu Jumatatu, naye anataka izunguke leo hii, kabla mwanawe hajarudi kutoka kazini. Nikamwambia, mama, hata mimi nina kwangu, tuonane asubuhi.

"Sawa," akasema. "Basi nimwite Koleo."

Koleo ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu, na ni fundi kama mimi. Vibanda vyetu vinatazamana. Mwaka jana nilishindwa na mashine ya hoteli moja, nikaondoka mikono mitupu, yeye akaiwasha kwa dakika kumi. Mpaka leo nikienda ukweni wananiuliza kama nimeshajua kutofautisha waya na kamba ya kiatu. Kwa hiyo nikachukua begi langu nikaenda. Mimi ni mtu wa hasira za haraka, na sifa nazipenda kuliko chakula. Naomba mlijue hilo mapema, maana haya yote yalianzia hapo.

Nyumba ilikuwa ghorofa ya tatu, safi mno. Lakini kulikuwa na harufu... ya nguo zilizolowekwa zikasahauliwa. Yule mama alikuwa mfupi, mpole, kilemba kimefungwa vizuri. Aliponipa mkono nikashtuka. Vidole vyake vilikuwa vimekunjamana na kuwa vyeupe, vidole vya mtu aliyeshinda kutwa nzima kwenye maji. Nikajiuliza anafua nini, na mashine imekufa tangu Jumatatu.

Mashine ilikaa kwenye kijichumba mwishoni mwa korido. Mkabala nayo kulikuwa na mlango uliofunguliwa kidogo, ndani giza, na mtu anakohoa.

"Huyo ni mke wa mwanangu," mama akasema. "Anaumwa. Usimsumbue."

Nikaanza kazi. Soketi ina umeme. Plagi nzima. Bomba la maji liko wazi. Taa za mashine zinawaka zote, lakini ukibonyeza kitufe cha kuanzia, kimya. Sasa, mashine hizi za mlango wa mbele zina tabia moja: kabla hazijazunguka, lazima mlango ujifunge wenyewe. Unasikia tak. Bila hiyo tak, hata ubonyeze mpaka kidole kiote sugu, haziendi. Nikajua ugonjwa uko kwenye kitasa cha mlango. Kazi ya nusu saa.

Mimi sifungui mashine yenye nguo. Nikainama nizitoe.

"Hizo zisitoke," mama akasema. "Nimezihesabu zikiingia."

Nikamulika tochi. Magauni, sketi, sidiria, vilemba, sweta, soksi, hata gauni jeupe la harusi limeshindiliwa humo pamoja na raba. Zote za mwanamke mmoja, mwili mmoja.

"Mama, hizi si nguo za kufua," nikatania. "Hizi ni za kuhama."

Hakucheka. Akaenda jikoni.

Nikaubana mlango kwa goti, nikauvuta mpira wake pembeni na kutafuta skrubu za kitasa. Vichwa vyake vilikuwa vimechubuliwa na bisibisi ndogo mno, ile ya cherehani. Nilipokitoa kitasa, nikaona. Waya mbili zilikuwa zimekatwa. Hazikuungua, wala panya hakuzitafuna. Zilikatwa kwa mkasi mkali, mkato mmoja, kisha kila ncha ikafungwa kwa uzi mweupe ili zisigusane. Fundo dogo, zuri, la mtu anayejua kushona.

Kikohozi kikakatika.

"Kaka fundi..."

Sauti ilitoka kwenye ule mlango. Nikatazama jikoni, sufuria zinagongana. Nikavuka korido.

Dada wa watu alikuwa amelala chali, amevaa gauni la kulalia la kijani. Nimeona wagonjwa wengi, hata baba yangu nimemzika. Huyu hakuwa amekonda. Alikuwa amefifia. Midomo haina rangi, nyusi hazionekani. Aliponyanyua mkono kuniita, niliona mistari ya shuka kupitia kiganja chake.

Nikataka kukimbia.

"Nimezikata mimi," akanong'ona. "Kila akifua nguo zangu, kuna mtu ananisahau. Walianza majirani. Wakafuata rafiki zangu. Jumapili mume wangu aliniuliza mimi ni mgeni wa nani."

"Dada, hiyo ni homa."

"Angalia mkono wangu, kaka. Hii ni homa?"

Nikautazama tena ule mkono.

"Leo ameziweka zote. Zikifuliwa zote, nimekwisha." Akapumzika kidogo, anahema. "Mama yangu mzazi anakuja kunichukua kesho asubuhi. Nimempigia simu, yeye bado ananikumbuka. Ni fundi cherehani, ana kibanda mkabala na posta. Nataka usiku huu mmoja tu. Mwambie mashine imekufa. Fundi akisema kitu kimekufa, nani atabisha?"

Nilimwamini. Nisiwadanganye nikasema sikumwamini. Nywele zilinisimama, na huruma ilinishika. Nikamwambia, "Usijali, dada. Nitasema imekufa." Akafumba macho, na machozi yaliyomtoka hata mto hayakuulowesha.

Nikarudi kwenye mashine. Maneno nilikuwa nayo tayari mdomoni: mama, hii basi tena, tafuta nyingine. Maneno rahisi kabisa. Mafundi wengine huyasema kila siku, tena kwa mashine nzima.

Yule mama alikuwa amesimama pale, simu sikioni.

"Koleo yuko hewani," akasema kwa upole. "Anauliza kama umeshindwa, apite. Yuko hapo chini tu."

Nikasikia kicheko cha shemeji yangu kikitoka kwenye simu, chembamba. Halafu sauti yake: "Mwambieni aiache hivyohivyo, asije akaharibu na taa."

Nilimfikiria yule dada. Wallahi nilimfikiria. Lakini nilimfikiria na Koleo pia, anaingia, anavuta mpira, anaona waya mbili zimekatwa mchana kweupe. Waya mbili tu. Nikawaona wa ukweni wote wamekaa sebuleni wananisubiri nifike na mke wangu. Nikajiambia, hata nikikataa, Koleo ataiwasha. Kwa hiyo kuna tofauti gani.

Hivyo ndivyo nilivyojiambia.

"Mwambie asijisumbue," nikasema. "Nimeshauona ugonjwa."

Nikafungua yale mafundo. Yalikuwa yamekazwa hasa, ikabidi nitumie meno. Nikamenya waya, nikazisokota, nikazifunga tepu nyeusi, nikarudisha kitasa na mpira. Nasema hili kwa aibu: niliifanya kazi ile vizuri.

"Subiri," mama akasema. "Bado moja."

Akaingia chumbani. Nikasikia godoro, kisha ile sauti ndogo. "Mama, niachie hii tu. Mama, nakuomba." Hakuna kofi, hakuna purukushani. Mama alikuwa anambembeleza, "Nyanyua mkono, mwanangu. Na huu. Vizuri." Akatoka na gauni la kijani, akalisukumia ndani kwa kiganja chake cheupe na kuufunga mlango.

Akanitazama. Kumbe alitaka nibonyeze mimi.

Nikabonyeza.

Tak.

Maji yakaanza kuingia. Pipa likageuka taratibu upande huu... likasimama... likageuka upande ule. Chumbani kikohozi kikaanza kulifuata. Pipa likigeuka, anakohoa. Likisimama, kimya.

"Kaka fundi," akaita.

Sikuitika.

Maji ya kufulia yakaanza kumwagika kutoka kwenye mpira wa nyuma wa kutolea maji mpaka kwenye sinki. Hayakuwa machafu. Yalikuwa na harufu. Kwanza mafuta ya nywele. Kisha jasho la mtu aliyetembea juani. Kisha vitunguu vinavyokaangwa, kisha chaki ya shule, kisha harufu ya mtoto mchanga, ile ya utosini. Maisha ya mtu yalipita puani mwangu moja moja na kuingia kwenye tundu la sinki.

"Kaka..."

Nilipofikia ile harufu ya mtoto, nilishindwa. Niliruka nikabonyeza kitufe cha kuzima. Haikuzima. Nikaivuta plagi kwa nguvu, ikatoka ukutani na vumbi.

Pipa liliendelea kuzunguka.

Nilisimama na plagi mkononi, mashine haina umeme, na inaongeza kasi. Sakafu ikatetemeka. Chumbani palitoka sauti nyembamba, sijui kama lilikuwa neno. Niliikimbilia korido, nikakuta yule mama amekaa kwenye kigoda mlangoni mwa mgonjwa, amekunja mikono mapajani.

"Ukishawasha, umewasha," akasema. "Kaa, mwanangu. Inakaribia."

Nilikaa. Chini, sakafuni, nikaziba masikio kama mtoto. Nilipoyaachia, nyumba nzima ilikuwa kimya.

Tak. Mlango wa mashine ukajifungua.

Mama akaanza kuzitoa nguo na kuzikung'uta moja moja. Sweta nyekundu, gauni la kijani, vilemba vya maua, zote zilikuwa zimetoka na rangi moja, ambayo siwezi kuwaambia ni rangi gani. Akalivuta gauni la harusi karibu na pua yake akalinusa sana, kisha akaninusisha mimi. Hakuna kitu. Hata sabuni haikunukia.

"Zimetakata," akasema.

Nikausukuma mlango wa chumba. Ndani kulikuwa na maboksi, baiskeli mbovu, na kitanda cha chuma bila godoro. Juu ya chaga za kitanda kulikuwa na vumbi la miaka. Nikalipitisha kidole. Lilikuwa vumbi kweli.

Funguo zikalia mlangoni. Mwanawe akaingia, kijana mtanashati amechoka na kazi, akanisalimia kwa heshima na kunipa pole ya kazi. Nikamuuliza mgonjwa anaendeleaje.

"Mgonjwa gani, fundi? Hapa tuko wawili tu, mimi na mama." Akacheka. "Na huyu mama hanipi raha. Kila siku, oa, oa."

"Nitakutafutia," mama akasema, anakunja nguo. "Safari hii nitakutafutia asiye mbishi."

Alinisindikiza mpaka kwenye ngazi. Nikamuuliza kwa nini mimi nakumbuka, ikiwa mume mwenyewe amesahau. Akanijibu kwa upole uleule.

"Aliyewasha huwa hasahau," akasema. "Lazima kumbukumbu ibaki mahali, mwanangu. Fundi wa kabla yako alibeba wawili. Nilimwonea huruma, alikuwa haachi kuosha mikono." Akanigusa bega. "Wewe una moyo mgumu. Utaweza."

Sikulala. Asubuhi nilikwenda mkabala na posta. Nilijiambia nitamwambia ukweli yule mama mzazi, hata akinipiga, hata akiniita mwendawazimu. Mtu mmoja duniani ana haki ya kujua, na mtu mmoja duniani anaweza kumwambia.

Kibanda nilikipata. Mwanamke wa makamo alikuwa ameinama kwenye cherehani, utepe wa kupimia shingoni. Pembeni, kwenye kiti, kulikuwa na mkoba wa safari umeshafungwa. Nikamwamkia. Nikamuuliza kama ana watoto.

"Wawili, baba. Wote wa kiume, wako mbali." Akaendelea kushona. "Unataka kushonewa?"

"Naona mna safari."

Akautazama ule mkoba muda mrefu.

"Nimeamka nikaukuta nimeufunga," akasema. "Nimeuliza majirani kama niliwaambia nakwenda wapi. Hakuna anayejua. Uzee huu." Akafuta macho kwa mgongo wa mkono. "Na haya machozi yananitoka tangu jana jioni. Sina msiba, siumwi. Yanatoka tu."

Alichokuwa anashona kilikuwa gauni. Kitambaa cha njano, mikono mifupi, kiuno chembamba. Aliponiona nalitazama akalinyanyua juu, akalishika mabegani, kwa urefu wa yule dada. Ulikuwa urefu wake hasa.

"Hata hili sijui la nani," akasema. "Sina oda yake kwenye daftari. Mkono umekata wenyewe." Kisha akayaleta macho yake mekundu kwangu, akanitazama moja kwa moja, na ule mguu wake ukasimama kwenye cherehani. "Baba, mbona unalia? Wewe una jambo la kuniambia?"

Nilikuwa nalo. Lilikuwa hapa, kooni. Ningemwambia, angeniuliza nani aliyewasha.

"Hapana, mama," nikasema. "Nilikuwa napita tu."