Mashavu ya Miguu ya Mama

Kila asubuhi kabla ya shule, Asiya alichovya kitambaa katika maji ya moto akamkanda mama yake. Khadidja alikuwa amejifungua siku kumi na mbili zilizopita, na kwao mtaani Buyenzi mzazi hatoki nje mpaka siku arobaini zitimie.

"Kitendawili!" Bibi, aliyemzaa Khadidja, aliita kutoka uani.

"Tega!"

"Mapacha wangu hunifuata nyuma, sijaonana nao uso kwa uso."

"Mashavu ya miguu!" Asiya alicheka, akayatazama ya mama yake. Kicheko kikakatika. La kushoto lilikuwa limevimba, limekuwa jekundu, lina moto. Alipoligusa, mama aliuma shuka.

"Usimwambie mtu. Nikitolewa nje kabla ya arobaini, watasemaje?"

"Sisemi, Mama."

Lakini njiani machozi yalimshinda. Akageuka, akabisha kwa Caritas, muuguzi jirani yao, akamwambia yote.

Walipofika, Bibi alikuwa ameuona mguu na kukamata kitambaa. "Damu imelala. Ngoja niiamshe."

"Apana, Bibi! Toa mkono!" Caritas alipiga kelele. "Twende hospitali."

Khadidja alichomwa sindano siku tano. Siku ya sita daktari alimruhusu kutembea, na Caritas akawaeleza kando ya kitanda:

"Misuli ya shavu la mguu huinua kisigino. Kila ikikaza, huminya mishipa, damu ikapanda kurudi moyoni. Mguu ukilazwa siku nyingi, damu hutulia, pengine ikaganda. Ukiukanda, bonge la damu laweza kung'oka likazibe mapafu."

Bibi aliitazama mikono yake.

"Nilikuwa na binti mwingine, Zubeda," alisema. "Alilala arobaini hivi hivi. Mguu ukavimba. Nilimkanda siku tatu kwa nguvu zangu zote. Ya nne akakosa pumzi, akafa mikononi mwangu."

Asiya aliishika mikono ile. "Bibi, hukujua."

"Sikujua, mwanangu. Wala sikuuliza."

Khadidja alikuwa akilia. Bibi alimshika kiunoni, akamsimamisha polepole.

"Kanyaga, mama. Inua kisigino. Hivyo." Kisha akamgeukia Asiya. "We ulivunja ahadi, na ulifanya vema. Siri ya ugonjwa haitunzwi. Mzazi apumzike, lakini atembee kidogo kila siku. Na mguu mmoja ukivimba, msiniite mimi na maji yangu ya moto. Kimbieni kwa anayejua."