Uzi Ulioachwa Ulegee

"Fundi wa daraja kauza gundi! Uzi mmoja unaning'inia tu."

Chiriku aliyasikia hayo bombani, akichota maji kama kila asubuhi. Fundi huyo ni baba yake. Akajitwika ndoo akaondoka, lakini maneno yakamng'ang'ania kama kupe.

Chini ya daraja la waenda kwa miguu, baba alikuwa ametandika nyuzi mbili za kioo, nyembamba kama unywele. Mwanga hupita ndani yake. Chuma kikivutika, rangi inayorudi hubadilika, na mashine ofisini huisoma. Uzi mmoja ulibandikwa kwenye chuma. Wa pili, kweli, ulikuwa umelegea.

Chiriku akaenda kwa mjomba, mshona viatu, kuomba gundi.

"Unamshonea nani viatu, panya?" mjomba alimtania, akampa.

Jioni aliubandika ule uzi barabara. Hakumwambia mtu. Aliona ameiokoa heshima ya baba.

Majuma yakapita. Siku moja watu walipokuwa wakivuka wakitoka kazini, chuma kikakatika, daraja likaporomoka. Wengi waliruka wakapona. Mjomba, na sanduku lake la viatu begani, hakupona.

Baada ya maziko baba alisimamishwa kazi, kwa kuwa mashine yake haikuonyesha hatari yoyote. Alikaa ukumbini, chai ikipoa. Chiriku hakuweza kuvumilia tena. Akasema yote.

Baba akaweka kikombe chini.

"Mwanangu, ule uliolegea niliuacha hivyo makusudi. Unapima joto tu. Jua likiwaka, nyuzi zote mbili hubadilika. Tunaondoa joto, kinachobaki ni jinsi chuma kinavyovutika. Ulipoubandika, zikavutika pamoja. Mashine ikatoa huu kwenye ule, ikapata sifuri. Mbona hukuniuliza?"

"Niliogopa utaniambia ni kweli."

Baba akajifunika uso kwa mikono.

Kesho yake walikwenda ofisini wote watatu, pamoja na mama. Chiriku akasema mwenyewe. Wakubwa wakakagua, wakaikuta gundi ya viatu. Baba akarudishwa kazini, na nyuzi za madaraja mengine zikawekewa vifuniko. Ila kwa mjomba mlango umefungwa hadi leo, na mama, aliyemzika kaka yake, hawezi kupita pale bila kulia.

Mama ndiye anayewaambia watoto wa mtaani, nanyi mnaosoma sikieni:

Usiguse kifaa cha kazi usichokijua, hata ukiona kama kimeharibika.
Usitengeneze jambo kwa siri, hata kwa nia njema.
Usilale na uvumi moyoni, kamuulize mhusika.
Usiogope jibu. Jibu chungu halijamwua mtu.
Ukikosea, usingoje msiba ndipo useme.