Gego la Wariara na Mlango wa Stoo

Kila asubuhi Wariara alipiga mswaki penye bomba la nje, huku bibi yake, Cucu Rahab, akikagua bustani yake ya karoti. Walikaa Kiamunyi, na ingawa ploti yenyewe ilikuwa ndogo, Cucu aliilima kana kwamba bado yuko Kuresoi alikozaliwa. Mswaki ulipita juu, chini, ndani na nje, kwa maana Wariara hakuwa mvivu wa usafi. Shida ilikuwa meno yenyewe. Yalisukumana kama watoto kwenye foleni ya uji, na chonge moja lilikuwa limekosa nafasi kabisa, likachomoza juu ya wenzake. Ndiyo maana Wariara alikuwa akicheka huku amejiziba mdomo kwa mkono wa sweta.

"Kesho tunakwenda kwa daktari wa meno," Cucu alisema akichomoa miche. "Mimi naona meno yako ni kama hizi karoti. Zikibanana hivi, zingine zing'olewe ndio zingine zinenepe."

Kung'olewa! Wariara alisahau hata kusukutua.

Shuleni alimweleza rafiki yake Natalie.

"Aki pole!" Natalie alisema. "Binamu yangu aling'olewa manne. Mazima kabisa, hayakuwa na tundu hata moja!"

"Manne?"

"Manne! Lakini wewe si una lile gego la utoto bado? Ling'oe mwenyewe nafasi ipatikane. Ukifika kwa daktari, atakuta kazi imeisha."

Ushauri ule ulimwingia. Jioni Wariara alifunga uzi kwenye gego, akafunga ncha ya pili kwenye kitasa cha mlango wa stoo ya viazi, akausukuma mlango kwa nguvu. Paaa! Gego likacheza, damu ikatoka kidogo, lakini likakataa katakata kutoka. Akajaribu tena na tena, wapi! Cucu alipomuuliza mbona anatafuna githeri upande mmoja, alijibu, "Ni moto, Cucu."

Kesho yake, mjini Nakuru, Daktari Ekta alimpokea kwa tabasamu. Alimjaza mdomoni kitu laini kama ugali ambao haujaiva, ili apate umbo la meno yake.

"Ng'ata, usimeze. Chakula cha mchana utapewa na nyanya yako," alisema.

Kisha alimpiga picha ya eksirei, akapima upana wa kila jino, akapima na taya.

"Daktari, si ung'oe tu?" Cucu aliuliza. "Hata karoti hupunguzwa."

Daktari alicheka. "Mama, karoti ukikosea utapanda zingine. Meno ya ukubwani hayapandwi tena. Kwanza napima shamba." Akainua picha kwenye mwanga. "Nafasi inayokosekana ni ndogo. Na hili gego la utoto ni pana kuliko jino litakalolirithi. Likitoka kwa wakati wake, nasi tukizuia meno ya nyuma yasisogee mbele, tutapata nafasi bila kung'oa hata moja."

Wariara alitaka kushangilia, lakini daktari aligusa lile gego, naye akaruka.

"Hapa ndipo sielewi," daktari alisema. "Mizizi bado mirefu, lakini jino linacheza na fizi imevimba. Kama lina ugonjwa, itabidi nilitoe leo, na ile nafasi itaanza kuzibika. Wariara, kuna kilichotokea?"

Wariara alimtazama Cucu, akaikumbuka ile githeri ya moto. Uso ukamchoma kwa aibu.

"Nililivuta kwa uzi," alinong'ona. "Kwa mlango wa stoo."

"Ati nini?" Cucu alishika kiuno. "Mlango wangu wa viazi?"

Daktari Ekta alicheka mpaka akavua miwani. "Asante kwa kuniambia! Basi tuliache lipumzike. Kula laini, sukutua kwa maji ya chumvi, halafu urudi nilione."

"Na mbona binamu wa rafiki yangu Natalie aling'olewa manne?" Wariara aliuliza.

"Labda meno yake yalibanana zaidi, kung'oa ikawa ndiyo njia bora. Kila mdomo na vipimo vyake."

Gego lilishika tena. Daktari aliweka waya mwembamba nyuma ya meno kulinda nafasi, na miezi kadhaa baadaye gego likatoka lenyewe. Wariara alilirusha juu ya mabati kama watoto wa kwao wafanyavyo, likagonga ngo! akashangilia bila kujiziba mdomo. Hata chonge lilikuwa limeanza kushuka.

"Unaona, mama?" Cucu alimwambia mjukuu wake. "Picha ya daktari iliona mizizi, lakini haikuona uzi. Uzi uliujua wewe peke yako. Ungenyamaza, angetibu ugonjwa ambao huna. Anayekutibu mwambie yote, hata ya aibu. Nami nimekoma kulinganisha mdomo wa mtu na shamba."

"Na mlango wa stoo, Cucu?"

"Huo hautaki kukuona!"

Wakacheka wote wawili, meno yote nje.