Beji Iliyolala Kwenye Droo

Kila Jumamosi Hope alifua koti jeupe la baba yake, na Jumatatu alfajiri akalipiga pasi. Baba yake, Mzee Abdiel, alikuwa fundi wa eksirei katika hospitali mpya ya binafsi pale Sakina. Hospitali za binafsi zilikuwa zimeruhusiwa tena miaka michache tu iliyopita, na wagonjwa walitoka hadi Kikwe kuja kupigwa picha. Hope alijidai shuleni, utadhani ile mashine aliinunua yeye!

Baada ya pasi ilibaki kazi moja ndogo: kubandika beji kwenye koti. Beji ile haikuzuia mionzi ya mashine, ilipima tu kiasi kilichompata mvaaji. Kila baada ya miezi mitatu ilipelekwa mjini kusomwa.

Siku moja Hope aliibandua ili afue, akaitia kwenye droo ya cherehani, akasahau. Alipokumbuka, wiki mbili zilikuwa zimepita na Jumatatu zote mbili alikuwa ameitikia kwa mazoea tu, akaogopa kwamba akiirudisha Baba atagundua na kumgombeza.

"Beji umebandika, mama?" Baba aliuliza kila Jumatatu.

"Ndiyo, Baba."

Kazini Baba alivaa aproni nzito ya madini ya risasi, ya kuzuia mionzi, juu ya koti, kwa hiyo hakugundua. Uongo wa kwanza Hope aliusema akitazama chini. Wa tano aliusema huku akitafuna kiazi. Siku ya kupeleka beji ilipofika, aliibandika upesi, akamshukuru Mungu.

Ijumaa moja Baba alirudi kula mchana akiwa amenuna.

"Majibu ya beji yamekuja," alisema. "Yangu safi. Ya Salwa imepita kiasi. Mganga mkuu anasema haiwezekani, tunafanya kazi chumba kimoja. Eti Salwa aliiacha makusudi mbele ya mashine ili apewe mapumziko. Sasa hivi anaandikiwa barua ya kuachishwa kazi."

Dada Salwa, msaidizi wa Baba, ndiye aliyekuwa akimsuka Hope nywele. Alikuwa ameolewa baada ya Idi tu. Hope aliinuka mezani.

"Baba, beji yako ilikuwa kwenye droo! Miezi yote mitatu! Nilikudanganya!"

Baba aliweka kijiko chini. "Vaa viatu. Twende!"

Walikimbia kandokando ya barabara ya Nairobi. Ndala ya Hope ilikatika, akaishika mkononi na kuendelea.

"Mzee Abdiel, kuna moto?" mafundi wa magari waliuliza.

"Zaidi ya moto!"

Walipofika hospitalini, Mama Anjela, mkaguzi wa mionzi aliyeleta majibu, alikuwa anapanda gari. Salwa alisimama mlangoni, barua mkononi, macho mekundu.

"Shikamoo, mama! Usiondoke!" Hope alisema yote, hata ule uongo wa kiazi.

Mama Anjela alishuka. "Kumbe ile beji safi si ushahidi. Aproni mnazitunzaje?"

"Tunazikunja vizuri," Salwa alijibu, "kama kanga."

"Mnazikunja!"

Alizipiga aproni zote mbili picha za eksirei. Picha zilipokuwa zikisafishwa kwa dawa, Hope hakuweza kutulia. Zilitoka zikidondosha maji, na kila moja ilikuwa na mstari mweusi katikati, kama ufa wa shamba lililokauka.

"Risasi imepasuka kwenye mkunjo, mionzi imepita hapa tumboni," alisema Mama Anjela. "Salwa hakudanganya."

Mganga mkuu aliomba radhi, akaichana barua. Salwa alimkumbatia Hope, wakarukaruka wote wawili.

"Na mimi nimepata kiasi gani?" Baba aliuliza.

"Hatutajua kamwe, Mzee. Tutachukulia kama Salwa. Mtapumzika wote na kupimwa."

Hope aliacha kuruka. Machozi yalimtoka.

"Sikiliza, mwanangu," Mama Anjela alimwambia. "Mionzi haionekani wala hainuki. Ikizidi inaweza kuharibu chembe za urithi mwilini, na madhara yakaonekana baada ya miaka mingi. Beji ndiyo jicho letu. Ukiificha, umemfumba macho unayempenda. Umechelewa kusema kweli, lakini umesema, na kuanzia leo watakuwa salama."

Miezi ilipita. Aproni mpya zikaja, zikatundikwa. Jumatatu ya kwanza ya kurudi kwenye mashine, Baba aliuliza, "Beji umebandika, mama?"

Hope aliushika mkono wa Baba, akauweka juu ya beji.

"Nilikosa na mimi," Baba alisema. "Usalama wangu niliuacha mikononi mwa mtoto. Nakuamini, mwanangu, lakini kuanzia leo tutaangalia wote wawili."