Nyumba Iliyozibwa Kila Tundu

Kitendawili, wanangu! Niambieni: tega. Nyumba yangu haina mlango wala dirisha, na ndani mna mtu. Najua jibu mnalo, hata mtoto wa chekechea analo. Lishikeni kwanza mdomoni, tutalitema mwisho.

Kule Bofu, Likoni ya Mombasa, miaka ya tisini ilipoanza, aliishi Mwanarusi na mumewe Boga, mwendesha winchi bandarini. Nyumba yao ilikuwa ya udongo na makuti, na kati ya ukuta na paa paliachwa uwazi, kama walivyojenga wazee wetu. Upepo uliingia huku ukatokea kule. Moshi nao haukungoja kuonyeshwa njia. Alasiri Mwanarusi aliketi barazani akisuka ukili wa mikeka, paka miguuni, roho imetulia.

Lakini Boga alitamani nyumba kama za Nyali, kwa wenye nacho. Kutamani kipya si dhambi, jamani. Hata mimi nikipewa bati sirudishi. Akajenga ya matofali ya saruji na mabati, akapiga na dari. Hoteli moja ilikuwa ikibadilisha vyombo vyake, naye akapata mashine kuukuu ya kupoza hewa. Muuzaji akamwambia, "Ziba kila tundu. Baridi isitoke, na mashine haitakula umeme sana."

Boga akaziba. Madirishani akatia vioo visivyofunguka, mlango akauzungushia mpira, na matundu ya hewa aliyoyaacha fundi juu ukutani akayajaza saruji.

"Na moshi utapita wapi?" Mwanarusi akauliza.

"Moshi gani? Utapika uani. Wataka nyumba ya kisasa au banda la kuku?"

"Kuku nao hupumua, Baba Rehema."

Mueni, jirani yao aliyetoka Machakos, alipokaribishwa kuiona nyumba alicheka. "Mama Rehema, hii si nyumba, ni friji! Siku moja tutawakuta mmeganda humu kama samaki."

Wakacheka wote. Kicheko hicho Mwanarusi alikuja kukikumbuka kwa machozi.

Mvua za kusi ziliposhika, binti yao Mwanarehema, ndiye Rehema wao, alirudi kwao kujifungua mtoto wa kwanza, kama ilivyo ada. Akajifungua salama, nanyi mwajua, mzazi aliyetoka kujifungua hapigwi na baridi. Mashine ikazimwa. Mwanarusi akaweka jiko la makaa kando ya kitanda, akatia ubani, akafunga mlango. Simlaumu. Nami nimelala kando ya jiko kama hilo arubaini zangu zote. Ila mimi nililala chini ya makuti.

Haukupita muda, Mwanarehema akaanza kulalama. "Mama, kichwa chaniuma. Naona kuta zacheza." Akatapika. Mtoto naye akakataa ziwa, akawa wa kulala tu.

Mwanarusi akaingiwa na hofu.

"Ni jicho," Boga akasema, akijiandaa kwenda kazini. "Watu wameihusudu nyumba hii. Ongeza ubani. Na wewe mwanangu, mama yako akitoka, tia komeo. Usimfungulie mtu."

Makaa yakaongezwa. Ubani ukaongezwa. Mwanarusi akaketi hapo akisoma dua, na kichwa chake kikaanza kugonga kama kinu. Akawaza, hasidi amenifikia na mimi. Akatoka kumwaga majivu, maumivu yakapungua. Akarudi ndani, yakarudi. Akachukua ndoo kwenda kisimani, na nyuma yake akasikia komeo likisukumwa.

Kisimani, kabla ndoo haijajaa, kichwa kilikuwa kimemwachia. Akamwona paka wake, yule mpenda joto, amejikunyata nje kwenye manyunyu, hataki kukaribia nyumba.

"Hasidi gani huyu asiyevuka kizingiti kunifuata nje?" akajiuliza.

Ndoo ikamponyoka. Akakimbia.

"Mwanarehema!"

Kimya. Binti huyu tangu utotoni, ukimwita mara moja tu, utasikia "abee".

"Mwanarehema, mwanangu!"

Kimya. Hata mtoto hakulia. Mlango haukutikisika. Mwanarusi akanyakua mchi wa kinu na kusimama mbele ya dirisha. Boga, aliyekuwa akitoka kazini, akaja mbio.

"Ngoja! Kioo hicho hakipatikani Mombasa nzima!"

"Na mwanao apatikana wapi?"

Akapiga. Kioo kikaufukuza mchi. Akapiga tena kwa nguvu zote, kikapasuka, na joto zito likampiga usoni kama la tanuri. Boga alipoona binti yake ameanguka sakafuni kando ya kitanda, akapanda dirishani. Akaingia juu ya vigae vya kioo, damu zikimtoka, akafungua komeo. Wakawabeba hadi barazani. Mueni, aliyekuja mbio kwa kelele, akampokea mtoto, kalegea kama kitambaa.

"Lia, baba! Lia, nikusikie!"

Matone ya mvua yakampiga usoni. Kikatoka kilio chembamba, kisha kikakua.

Lakini mama yake hakuamka. Wakampakia kwenye gari la jirani, wakaingia ferini kuvukia hospitali. Katikati ya maji, Mwanarusi akainama sikioni mwake. Aliogopa kuita, maana akiita na asijibiwe, basi.

"Mwanarehema."

Mawimbi tu.

"Mwanarehema, mama."

"Abee," ikaja sauti, ndogo kama ya mwenye kuota.

Daktari aliwaambia kwamba makaa hutoa sumu isiyo na harufu, na chumba kilichozibwa huihifadhi. Boga alirudi nyumbani na nyundo, akayatoboa mwenyewe matundu yote. Akatia madirisha ya kufunguka, akapaka bati rangi nyeupe. Nyumba ikapoa, mashine ikawa haiwashwi ila kiangazi kikali. Na jiko halikuingia tena chumbani.

FUNZO

Vifaa vya kisasa ni vizuri, wanangu, lakini msivichague kwa macho wala kwa maneno ya muuzaji. Ulizeni: hewa itaingilia wapi, itatokea wapi, na sisi humo twaishi vipi? Nyumba ikibadilika, na mazoea yabadilike. Na maradhi yakiingia, fungueni dirisha kabla hamjamtafuta mchawi.

Sasa litemeni jibu. Yai, ndiyo. Lakini mwalimu wetu alitufundisha kwamba hata ganda la yai lina vitundu visivyoonekana, ili kifaranga apumue. Mungu hakuliziba yai. Wewe waziba nyumba?